Nani Alimnyoa Entito

Nainokanoka, Ngorongoro
4 Februari 2024

Dada yangu Felista,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na shemeji Josephati. Sisi huku tunapumua, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Mtu unaota moto, tumbo linaiva na mgongo unaganda. Metui wangu ameingia darasa la pili na tayari anatusahihisha Kiswahili sote, hata baba yake. Maharage ya shemeji tuliyapokea, tukayapika, tukayamaliza, wala hatukumbakizia mgeni.

Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Simu ya mume wangu Sairowua ni ya boma zima. Nikipanda kilimani kutafuta mtandao, mama mkwe anapanda nyuma yangu eti anaokota kuni, na anaokota kila neno. Kaka yetu Supeet anapita hapa na lori lake la mahindi, basi awe posta wetu. Nimempa pia kibuyu cha maziwa, nimekifukiza mwenyewe. Ni ya mtoto.

Sasa kuhusu huyo mtoto. Siku uliyonipigia kwamba wanataka kumpasua kichwa wamwekee mpira wa kutoa maji, nilisema ndiyo, halafu mtandao ukakata nikabaki nimeishika simu kama mjinga. Namshukuru Mungu mkono wa daktari ulikuwa mwepesi. Na wewe nakushukuru. Alipozaliwa na mgongo wazi ulitupokea kwako sote wawili, na nilipolazimika kurudi huku kwa ndugu zake nilimwacha kwa mama yake mkubwa, si kwa jirani. Lakini nisikufiche, dada, naona wivu. Supeet alisema alikukuta umembeba kwa kanga, amelala fofofo mgongoni kwako, na niliposikia hayo sikula ugali.

Nywele zangu bado nafuga. Tangu nimzae sijagusa wembe, zimefika masikioni, wanawake wa hapa wananiita mzungu. Waache waseme. Akipata nafuu tutakaa chini mimi na yeye mbele ya nyumba yangu, tutamwagiwa maziwa kichwani, tutanyolewa pamoja, na hapo ndipo atapewa jina. Mpaka siku hiyo yeye ni Entito, msichana mdogo tu, basi.

Niandikie anakulaje siku hizi, na huo mpira una dalili gani za kuogopa.

Mdogo wako,
Nashipai


Karatu
1 Machi 2024

Mdogo wangu Nashipai,

Takwenya. Marahaba sana. Sisi wazima. Josephati yuko Mbulumbulu analima, anarudi Jumamosi na udongo wote wa shamba kwenye viatu. Biashara ya shanga si mbaya, wageni wameanza kushuka kwenye magari yao, ingawa wengi wanapiga picha kuliko wanavyonunua. Maziwa yalifika, yalikuwa matamu.

Mtoto anaendelea vizuri. Ungemwona ungeshangaa. Unakumbuka zile siku tulizokuwa tunazungushwa, daktari wa degedege anaandika dawa, wa tumbo anaifuta, wa miguu hajui kama kuna wa mkojo, na mimi katikati nabeba maneno yao kama mshenga? Hayo yameisha. Kuna muuguzi pale hospitali Arusha anaitwa Sista Selina, kazi yake ni kuwakusanya. Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi wanakaa meza moja, daktari wa kichwa, wa mkojo, wa mazoezi ya viungo, na yule dada wa lishe, wanamzungumzia mtoto mmoja mpaka waelewane. Na mimi nakaa mezani. Hawafungi jambo bila kuniuliza, "Mama Goodness, wewe unaonaje?"

Jina hilo lisikushtue. Hospitali hawawezi kumwandika mtoto "msichana mdogo". Nililitaja la haraka haraka, likashika.

Kuhusu kula, anakula. Kuhusu dalili, usijitie presha, mimi nipo. Mambo yenyewe ni marefu, hayaandikiki, mpaka uyaone kwa macho. Asubuhi akiamka anageuza shingo kunitafuta, akiniona anacheka na ufizi wote. Msalimie Sairowua.

Dada yako,
Felista


Nainokanoka
16 Aprili 2024

Dada Felista,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mvua. Barabara ya huku imekuwa sabuni, lori la Supeet lilikwama hapa boma jirani, akala nyama yetu na kutupa habari mpaka zikaisha. Ng'ombe wamenenepa. Mama mkwe anakohoa lakini kuni bado anaokota.

Kaka yetu ni mtu mwema, ila mdomo wake hauna mlango. Aliniambia yale maziwa niliyomfukizia mwanangu yalinywewa na Josephati na chapati. Shemeji yangu nampenda, anywe. Lakini uliniandikia "yalikuwa matamu" ukaachia hapo. Nikasema labda amesahau. Kisha akaniambia lingine.

Kwamba walimnyoa Entito hospitali, hilo nimelimeza. Daktari hawezi kupasua juu ya nywele. Nililia, nikafuta machozi, nikakamua. Lakini wewe, Felista, kichwa chako walikipasua lini?

Supeet anasema alikukuta umenyoa upara, unang'aa, mtoto upara na wewe upara, mmekaa kibarazani. Yeye alidhani ni chawa. Mwanamume hajui. Mimi najua, na wewe unajua kwamba najua. Tumezaliwa nyumba moja, tumeshuhudia wote mama akinyolewa na kila mdogo wetu. Mwanamke anayenyolewa siku moja na mtoto ni nani wa mtoto yule? Nijibu wewe uliye mkubwa.

Mimi huku natembea na kichaka kichwani, nachekwa, namsubiri. Kumbe mwenzangu alishamaliza kazi, na jina keshatoa. Kikulacho ki nguoni mwako. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, dada, na uchungu huo niliusikia mimi, kwenye ngozi ya ng'ombe, si wewe.

Na swali langu la kula na la dalili hukulijibu.

Nashipai


Karatu
5 Mei 2024

Nashipai,

Takwenya. Wote wazima.

Ndiyo, nilinyoa.

Nitakuambia ilivyokuwa halafu ukasirike vizuri. Muuguzi alikuja na wembe na maji ya bomba. Hakuna maziwa, hakuna mama, hakuna hata mtu wa kusema neno jema. Mtoto anapiga kelele, nywele zake za kuzaliwa zinaanguka sakafuni na mtu wa usafi amesimama na ufagio anasubiri. Nikaona huyu mtoto ananyolewa peke yake kama kondoo. Nilipomaliza kumkabidhi kwa madaktari nilikwenda nje, kuna kijana ananyoa pale getini, nikakaa kwenye kiti chake nikamwambia aondoe zote. Nilisema moyoni, kama atakufa leo asife bila mtu wa kunyolewa naye.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na ni ya kweli. Ya pili ni kwamba nilifurahi. Nilijipapasa kichwa kikiwa baridi na nikajiona mzazi. Wewe unaona wivu kwa kuwa amelala mgongoni kwangu. Mimi nimeuona wivu tangu ulipozaa wa kwanza, na nikaja na sukari na kanga nikicheka, na kila mwaka nikaja tena. Nyumba yangu na Josephati unajua ilivyo kimya. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na huyu mwana nani anamlea? Nani anamshika degedege likimjia? Nani anakalia benchi la hospitali mpaka makalio yanakufa ganzi?

Na kwa kuwa Supeet ndiye redio yetu, amenitangazia na mimi. Una mimba. Kubwa, anasema, hata kanga haiifichi. Barua mbili umeniandikia, umeniambia habari za ng'ombe na za kikohozi cha mama mkwe, na hilo hukuliona la kuandika. Wewe unapewa mwingine hata hujaomba, na huyu mmoja mgonjwa niliye naye bado unamng'ang'ania.

Felista


Nainokanoka
21 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Huku ni upepo na vumbi. Nilikaa na barua yako muda mrefu, nikaandika majibu mawili nikayachoma. Hili la tatu nalituma kabla sijalichoma nalo.

Ni kweli nina mimba. Sikukuandikia kwa sababu nilijua hasa utakachosema, na umekisema. Ulidhani nikipata huyu nitakuachia yule. Mtoto si mbuzi, Felista, kwamba zizi likijaa unamgawia ndugu. Ningekuwa na kumi, nafasi ya Entito ingekuwa bado wazi na upepo unapita hapo.

Habari ya kiti cha getini imeniliza. Nisingekuwa na nguvu ya kukaa pale. Hilo nalisema kwa moyo mweupe. Halafu nikasoma ile sababu ya pili na moyo ukawa mweusi tena. Ndivyo nilivyo kwa sasa, asubuhi nakuombea, jioni nakutukana kimya kimya nikikamua, mpaka ng'ombe ananigeukia.

Nywele sijanyoa. Sitanyoa.

Umeniita mtu asiyelea. Sawa, nifundishe basi. Nakuuliza kwa mara ya tatu: anakulaje, dawa zake ni zipi, nikimwona vipi nikimbie? Muuguzi wa zahanati yetu, Witness, ni msichana mwelewa, anasema nikipata maelekezo atanisaidia. Mbona hunipi? Sikuombi pesa, sikuombi shanga.

Nashipai


Karatu
30 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Takwenya. Supeet ametuambia umejifungua salama, mtoto wa kiume. Hongera sana. Josephati amefurahi, amekutumia maharage na mimi nimeweka kanga mbili na shanga za mtoto. Pole na uzazi.

Nina habari na usiogope kwa kuwa imeshapita. Mwezi wa nane ule mpira wa kichwani uliziba. Niliona mapema, nikampigia Sista Selina, akawapigia wengine wote, tulipofika Arusha wanatungoja mlangoni, hakuna aliyetuuliza historia kuanzia mwanzo. Wakaurekebisha. Amerudi, anacheka. Sista alisema nina macho ya daktari. Sikukuambia kwa kuwa ulikuwa mzito na ningekuua kwa hofu.

Maelekezo ya kula nitakuandikia nikipata nafasi. Kuna kazi nyingi.

Lingine nimeagizwa nikuandikie, nami naandika. Sista Selina anasema mtoto ameimarika, anaweza kuanza kukaa kwenu na kuja kliniki tu, mradi mama mzazi aje ajifunze na zahanati yenu iwe inajua. Anataka uhudhurie kikao cha Desemba, Alhamisi ya tarehe tano. Mimi nilimwambia kwenu kuna baridi na moshi na barabara mbaya. Akasema hayo tutayajadili na mama yake.

Dada yako,
Felista


Nainokanoka
10 Desemba 2024

Felista,

Shikamoo. Tulifika salama, mimi na kichanga. Nimepumzika siku chache ndipo nimeweza kushika kalamu.

Nilikuja kwenye kikao chenu nikiwa nimevaa shuka jipya na shanga zako shingoni. Nilimwona mwanangu amekaa, shingo imesimama, nikasema kimya, dada yangu amefanya kazi. Nilitaka kukuambia. Kisha nikamnyanyua, akanitazama kama mnavyotazama wageni wa kwenye magari, akageuka akakunyooshea mikono. Hilo nililitegemea. Lilinikata lakini nililitegemea.

Nisilolitegemea ni lile la mezani. Daktari wa kichwa alinigeukia kwa upole kabisa, "Mama, akianza kutapika na kusinzia ovyo ukiwa nyumbani, utafanya nini?" Nikajibu kile ambacho mama alinifundisha mimi na wewe: nitampa maziwa, nitamlaza, nitamfunika. Nilijibu kwa sauti, nikijivuna. Yule dada wa lishe akatazama chini. Ndipo Sista Selina akaniambia taratibu kwamba maziwa mepesi yanampalia, yanaingia kwenye mapafu, na akisinzia hivyo nikimlaza na kumfunika ninaweza kumkuta amekufa.

Nilikutazama wewe. Ulikuwa unatazama ukutani.

Barua tatu nilikuuliza. Maziwa niliyatuma kwa mkono wangu mwenyewe ukanijibu ni matamu. Ungeniambia neno moja tu, "yanampalia", ningejua. Hukusahau. Ulitaka nisijue. Ulitaka siku ile ifike, nikae kwenye kile kiti nikiwa mpumbavu, na wewe ujibu kila swali, na ulijibu, vizuri sana, mpaka daktari akakupongeza.

Sista alinishika mkono nje akaniuliza kama nitamchukua siku hiyo. Nikasema hapana. Nilimwambia mtoto aliyezoea mtu anayejua asipelekwe kwa mtu asiyejua. Nikarudi na kichanga mgongoni. Nimekuachia, Felista. Umeshinda. Ila usiniandikie tena habari za kucheka kwake.

Nashipai


Karatu
26 Januari 2025

Mdogo wangu Nashipai,

Takwenya. Hapa tu wazima, sina habari nyingine ya kuweka mbele.

Sista Selina alikuja nyumbani. Hakunigombeza. Alikunywa chai, akamtazama Josephati akimlisha mtoto, mtoto akapaliwa, Josephati akaruka akaniita kwa kelele. Nilikuwa nje naanika nguo tu. Sista akaniuliza, "Felista, siku ukiugua wewe, huyu ataishi na nani?" Nikasema mimi siugui. Mume wangu analala nyumba moja na mtoto huyu mwaka mzima na hata yeye sikuwa nimemfundisha. Nilitaka niwe mimi peke yangu. Hiyo ndiyo tabu yangu na umeitaja sawasawa, nilitaka usijue. Nikikuandikia yote, nilisema, mimi nitabaki nani?

Entito ni wako. Njoo Alhamisi ya tarehe sita Februari umchukue. Soma hii kabla ya kuja na umsomee Witness, Sista ameshaongea naye. Tukionana usiniulize kitu, sitaweza kusema.

Anakula akiwa amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo, kamwe asilale. Uji uwe mzito mpaka ung'ang'anie kijiko. Kijiko kidogo, subiri ameze, angalia koo likipanda, ndipo umpe kingine. Maziwa atakunywa, lakini yagandishwe au yachanganywe kwenye uji. Akikohoa wakati anakula, acha, mwinamishe mbele. Usimpige mgongoni alipofanyiwa operesheni.

Dawa ya degedege asubuhi na jioni, hata kama anaonekana mzima, hata kama mama mkwe anasema amepona. Mpira wa kumtoa mkojo Sista atakuonyesha kwa mikono. La muhimu ni kunawa kwa sabuni kabla, kila mara.

Miguu yake haisikii moto. Hili ulitie akilini kuliko yote, kwa nyumba zetu zilivyo. Atakaa karibu na jiko, ataungua, na hatalia. Mweke mbali, na kila jioni mgeuze umkague nyayo na magoti.

Dalili za mpira kuziba: anatapika bila kuharisha, anasinzia wakati si wake, utosi unavimba akiwa ametulia, macho yanaangalia chini kama jua linazama na weupe unatokea juu. Ukiona hata moja usingoje asubuhi, usimpe dawa ya kienyeji, usimpe maziwa. Mpigie Sista, yeye atawaamsha wengine. Mwezi wa nane mimi niliona macho.

Anaogopa kuku. Anapenda kuimbiwa, chochote, hata ukikosea. Akigoma kulala mpapase nyuma ya sikio la kulia, upande usio na mpira.

Siku za kwanza atalia ananitafuta, atageuza shingo kuangalia mlangoni. Usimwambie nimekwenda sokoni. Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia mimi miezi ile yote alipokuwa akikulilia wewe, na aliamini, na aliangalia mlango.

Mama yake mkubwa,
Felista